Kabla Hujamwita Fundi wa Bayogesi

Nyanya yangu alikuwa Msabato. Kila Ijumaa mchana alijifunga leso kiunoni, akapiga magoti, akachota mavi mabichi ya ng'ombe kwa viganja, akayakanda na udongo na maji, akasiriba sakafu kuanzia ukuta wa ndani hadi mlangoni. Jua lilipotua na Sabato ikaingia, nyumba ilikuwa imekauka, na wageni wakala samaki humo bila mtu kukunja pua.

Ndiyo maana hoja inayotangulia nyingine zote kila bayogesi inapotajwa kwetu Uriri, Migori, kwamba chakula kilichopikwa kwa gesi ya mavi ni najisi na kitanuka, hunichekesha kabla sijaijibu. Mikono iliyosiriba sakafu ndiyo iliyosonga ugali. Anayekataa jiko kwa sababu ya uchafu aanze kwa kuikataa sakafu aliyolelewa juu yake.

Jibu lenyewe ni fupi. Ndani ya kuba la mtambo hamna hewa. Vijidudu visivyohitaji oksijeni hula mavi na kutoa gesi ambayo karibu asilimia 60 yake ni methani, ndiyo inayowaka. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dayoksaidi. Kuna na chembe ya gesi ya salfa inayonuka yai viza. Ikipita kwenye mwali, harufu hiyo huungua. Ukiisikia jikoni wakati jiko limezimwa, ujue bomba linavuja, na harufu imekufanyia kazi ya mlinzi. Tope linalotoka upande wa pili halinuki kama lilivyoingia, na nzi hawalipendi.

Hoja kama hizi nimezisikia sokoni, matangani na kwenye mabaraza ya chifu, kutoka Kanyamkago hadi upande wa Ndhiwa. Nyingine ni upuuzi. Nyingine zina ukweli kuliko wauza mitambo wanavyopenda kukiri, na hizo ndizo nitakazokaa nazo.

"Litalipuka kama mtungi." Hapana, si kama mtungi. Gesi ya dukani imeshindiliwa hadi ikawa maji ndani ya chuma. Gesi iliyo ndani ya kuba ina msukumo unaolingana na maji ya kina cha mita moja hivi, na ni nyepesi kidogo kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja katika jiko lenye dirisha hupanda na kutoka, ilhali ile ya mtungi hutambaa sakafuni ikingoja kiberiti. Lakini wanaoogopa mlipuko wanaogopa mahali pasipo penyewe. Mtambo huua pale mtu anapoteremka ndani yake kuusafisha. Gesi iliyobaki chini humwangusha kabla hajaita, na anayemfuata kumwokoa humfuata kweli. Asishuke mtu humo, awe fundi au mwenye boma, kama hajui namna ya kuingiza hewa na hajafungwa kamba inayoshikwa na watu walio juu.

Sasa ng'ombe. "Bayogesi ni ya wenye ng'ombe wa gredi, sisi wa zebu tutazame tu." Tupige hesabu. Kilo moja ya mavi mabichi hutoa gesi kama lita 40. Jiko la moto mmoja hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Debe moja lililojaa, yaani kilo 20, ni lita 800: saa mbili na ushee za kupika. Familia ya watu sita inayokunywa chai asubuhi, kupika mboga na kusonga ugali mara mbili, inataka madebe mawili kwa siku ili isihangaikie kuni.

Ng'ombe wa gredi anayelishwa zizini huacha kilo 10 hadi 20 pale pale alipo. Zebu ni mdogo, lakini si udogo unaotunyima gesi. Anashinda malishoni na mtoni, anarudi jioni, na kinachobaki zizini asubuhi ni kama kilo tano tu. Kingine chote amekimwaga njiani na kwenye kingo za mto Kuja. Ng'ombe watano wa namna hiyo hawafikishi debe moja na nusu. Kwa hiyo wenye hoja hii wamekosea sababu lakini hawako mbali na jibu: tatizo si kabila la ng'ombe, ni anakoshinda.

Na hapo swali linageuka kuwa la nyasi. Ukimfunga zebu nusu siku, atakula nini? Ukanda huu hauna udhuru mkubwa. Msimu wa kuvuna miwa, vilele vya miwa hulala mashambani kote kuelekea kiwanda cha sukari cha SONY pale Awendo, na ng'ombe huvila. Nepia hukubali kila ukingo wa shamba. Na kule Mbita, ufukweni mwa ziwa katika Kaunti ya Homa Bay, watafiti wa kituo cha icipe wakiongozwa na Zeyaur Khan walibuni tangu miaka ya 1990 kilimo cha vuta-sukuma: desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, nepia pembezoni. Nepia humvuta nondo wa bungua, desmodiamu humfukuza, na mizizi ya desmodiamu huivuruga kayongo, lile gugu la maua ya zambarau ambalo limewafanya wengi wetu wavune mabua badala ya mahindi. Mimea yote miwili hukatwa ikawa lishe. Watu husifu vuta-sukuma kwa sababu ya mahindi. Mimi naisifu pia kwa sababu ya debe la pili la mavi.

Hoja inayofuata ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, na mara nyingi hutoka kwa akina mama wanaolima: "Mavi yakienda kwenye gesi, shamba litakula nini?"

Hofu hiyo ingekuwa sahihi kama tungeyachoma mavi yenyewe, kama wanavyofanya watu wa nchi zilizoishiwa kuni, wanaoyakausha ukutani na kuyatia mekoni. Humo shamba hupoteza kweli, maana naitrojeni huishia hewani na moshi. Mtambo haufanyi hivyo. Kinachoondoka na gesi ni kaboni, haidrojeni na oksijeni. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu hubaki ndani ya tope na kutoka nalo, karibu yote kama yalivyoingia. Tena sehemu ya naitrojeni hiyo inakuwa imeshavunjwa, mmea hauhitaji kungoja miezi ioze ndipo uile.

Tusilinganishe tope na samadi ya kwenye vitabu. Tulilinganishe na lundo letu lenyewe, lile linalokaa nyuma ya zizi tangu Krismasi, jua likilichoma mchana na mvua za Machi zikilisafisha usiku hadi maji meusi yanatiririka kwenda kwa jirani. Lundo kama hilo linaweza kupoteza hata nusu ya naitrojeni yake kabla halijaonja jembe. Mwenye lundo hilo hana la kuogopa kunyang'anywa na mtambo, ameshanyang'anywa.

Historia inatuambia jambo ambalo wauzaji wa majiko wamelisahau. Mtu wa kwanza kujenga mtambo wa bayogesi Kenya, mkulima wa kahawa aliyeitwa Tim Hutchinson, aliujenga mwaka 1957. Kilichomshangaza ni kahawa yake: miti iliyopata tope la mtambo ilistawi. Mwaka uliofuata alianza kuwajengea wengine kibiashara, na kwake mbolea ndiyo iliyokuwa shabaha, gesi ikawa nyongeza. Miaka mingi baadaye tuligeuza mambo, tukawa tunauziwa jiko la buluu huku tope likiachwa litiririke mtaroni. Naona huko ndiko tulikopotea. Mtambo ambao tope lake halifiki shambani umefanya nusu ya kazi, na hiyo nusu ndiyo yenye thamani ndogo.

Kiasi gani? Madebe mawili kwa siku ni zaidi ya tani 14 za mavi mabichi kwa mwaka. Kwa hesabu ya chini, humo mna naitrojeni inayolingana na ya mifuko mitatu au minne ya mbolea ya CAN ya kilo 50. Kumbuka mwaka 2022, mfuko wa mbolea ulipopita shilingi 6,000 baada ya vita vya Ukraine kuanza. Kumbuka pia kwamba ruzuku iliushusha hadi shilingi 2,500 mwaka 2023, na mwaka uliofuata kashfa ya mbolea duni ikafika hadi Bungeni. Samadi ya zizini kwako haina mhuri wa bandia.

Hata hivyo sitawaambia watu wa Uriri watupe mbolea ya dukani. Mtambo hauumbi kitu; hutoa kile kilichoingia, na ng'ombe aliyekula nyasi za udongo maskini hutoa mavi maskini. Mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya yana asidi na yana njaa ya fosforasi, na fosforasi ya samadi ni haba. Bado utahitaji chokaa, na utahitaji kiasi fulani cha DAP wakati wa kupanda, au mbolea ya mawe ya Minjingu kutoka Tanzania. Tope litakupunguzia mifuko ya kukuzia mahindi. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia kitu.

Kuna na uzito. Kila siku madebe mawili ya mavi na madebe mawili ya maji huingia, na karibu yote hutoka. Kubeba madebe manne ya tope hadi shamba la ng'ambo ya kilima ni adhabu. Wanaofaulu ni wale waliojenga mtambo juu kidogo ya migomba na sukuma wiki, tope likateremka lenyewe kwa mfereji, au wanaolimwagia majani makavu na mabua yaliyokatwakatwa kwenye shimo lenye kivuli na kulibeba baadaye likiwa mboji. Ukilianika juani likauke ili liwe jepesi, naitrojeni ile uliyoiokoa lundoni itapaa mbele ya macho yako.

"Hiyo ni miradi ya NGO, wazungu wakiondoka inakufa." Nimesimama juu ya makuba yaliyokufa, yameota nyasi, kuku wamelala juu yake. Siwezi kuikana hoja hii, ila naweza kuuliza yalikufa kwa ugonjwa gani.

Si kwamba hapajafanyika kitu. Mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2009, ukiwa sehemu ya mpango wa nchi tano za Afrika uliosimamiwa na mashirika ya Uholanzi ya Hivos na SNV, ulijenga zaidi ya mitambo 10,000 nchini na kufundisha mafundi waashi. Kuba lililotumika lilitokana na lile la kituo cha CAMARTEC cha Arusha, na fundi wa kijijini anaweza kulijenga kwa matofali na saruji. Lakini sensa ya 2019 ilipouliza nyumba za Kenya zinapikia nini, asilimia 55 zilisema kuni, na bayogesi ikapata nusu ya asilimia moja.

Kifo cha mitambo mingi hakianzii kwenye matofali. Huanzia zizini. Kuba la matofali limejengwa likae miaka 20. Ng'ombe wetu hawakai. Huyu ameuzwa Januari kwa karo. Wale wawili wamepelekwa kwa wakwe. Yule dume amechinjwa kwenye matanga ya babake mwenye boma. Kwetu ng'ombe ni benki, na benki kazi yake ni kutolewa pesa. Mtambo ulipimwa siku ambayo boma lilikuwa na ng'ombe wanane. Baada ya mwaka wamebaki watatu, mwali umekuwa mdogo, mwanamke amerudi kwenye mafiga, tope limekauka ndani. Hakuna mzungu aliyeondoka hapo.

Ndipo tufikie bei. Kuba la mita nane za ujazo, kwa bei za sasa za saruji, hupita shilingi laki moja. Mfuko mnene wa plastiki unaotandazwa ndani ya handaki ni nafuu zaidi, na wauzaji hukubali ulipwe polepole, ila mfuko hautaki mbuzi wa kukwea wala watoto wenye vijiti. Je, fedha zinarudi? Gesi ya madebe mawili kwa siku inalingana na mtungi mmoja na nusu wa kilo 13 kwa mwezi. Ukiwa ni mtu wa kununua mitungi, miaka miwili au mitatu imetosha. Ukiwa ni mtu wa kuokota kuni bure, mtambo haukuokolei hata shilingi moja ya mfukoni. Unaokoa mgongo, macho na mapafu.

Migongo ya nani? Hapa ndipo mjadala wa barazani huwa wa uongo hata kama kila sentensi ni ya kweli. Ng'ombe ni wa mzee wa boma. Laki moja ni uamuzi wake. Moshi si wake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba moshi wa kupikia nyumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na mwanamume anayesema "ni ghali" kwa kawaida hajawahi kupuliza moto wa magunzi mabichi asubuhi ya mvua. Nimewahi kusikia mzee akikataa mtambo kwa sababu ya bei, na mwezi huohuo akanunua pikipiki. Sina ugomvi na pikipiki. Namwomba tu asiite hesabu kile ambacho ni upendeleo.

Lakini akina mama nao wana hoja yao, na ni nzito: "Mnanipunguzia kuni, mnaniongezea maji." Ni kweli. Madebe mawili ya mavi yanataka madebe mawili ya maji, kila siku, kiangazi na masika. Bomani ambako maji hutekwa nusu saa mbali, mtambo ni kazi mpya iliyovaa nguo ya msaada. Kuna njia za kupunguza. Mkojo wa ng'ombe kwenye sakafu ya saruji ya zizi huingia badala ya sehemu ya maji, na huongeza naitrojeni. Maji yaliyosuuza mboga na nafaka hufaa, ya sabuni nyingi hayafai kwa sababu huua vijidudu. Mabati yenye mifereji na tanki hujaza pengo la miezi ya mvua. Ila kwa boma lisilo na tanki wala kisima karibu, hasa kule chini kuelekea ziwani ambako kiangazi ni kikali, jibu langu ni hapana: lijengwe tanki kwanza. Na anayekoroga mavi asubuhi asiwe msichana anayechelewa shule. Mwenye ng'ombe ana mikono.

Nimewajibu wapinzani, sasa niwageukie mashabiki, maana nao wanatangaza mambo.

Wanasema mitambo itaokoa misitu. Hapa Migori mti mzima haukuangushwa ili kuchemsha chai. Mama hupika kwa matawi, magunzi, mabua na ua la jirani. Magogo yaliingia kwa wingi kwenye vibanda vya kukaushia tumbaku, na mtambo wa ng'ombe watatu haukaushi tumbaku. Kumsaidia mkulima aache tumbaku kabisa, kama mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku ulioletwa Migori na mashirika ya Umoja wa Mataifa unavyofanya kwa kumpa soko la maharagwe, kutaokoa miti mingi kuliko makuba.

Wanasema kuni zitasahaulika. Nani atapikia waombolezaji mia tatu kwa jiko la moto mmoja? Na nyoyo? Mahindi makavu na maharagwe huchemka saa tatu na yatamaliza sehemu kubwa ya gesi ya siku kabla sukuma haijakaangwa. Figa litabaki nyuma ya nyumba, na hakuna aibu.

Wanasema kila mtambo unapoza dunia. Ukiwaka, sawa. Ukivuja, ni kinyume: methani isiyochomwa hushika joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Vali iliyoachwa wazi kwa sababu gesi imezidi ni hasara kwa mwenye boma na kwa hewa. Na mtu akija na karatasi ya kuuza haki zako za kaboni, isome yote, au umpe mwanao wa sekondari aisome kwa sauti, kabla ya kidole gumba kuingia wino.

Basi kama baada ya haya bado unautaka mtambo, usianze na fundi. Tafuta debe tupu. Kwa siku saba mfululizo, asubuhi kabla ng'ombe hawajafunguliwa, zoa mavi yote ya zizini uyapime. Hesabu ng'ombe ambao una hakika watakuwepo mwakani, baada ya karo na mahari, si wote walio mbele yako leo. Ukipata madebe mawili kila siku na maji yapo karibu, mwite fundi, na mwonyeshe migomba kabla hujamwonyesha jiko. Ukipata moja, panda nepia msimu huu na ungoje. Ukipata nusu debe, nunua mtungi wa kilo sita, funika lundo lako kwa majani ya migomba, na uweke ile laki benki.